Mafuta ya Chipsi za Ijumaa

Alhamisi jioni, Novemba 2013. Mvua tangu asubuhi, ile ya hapa isiyonyesha sawasawa wala kukatika. Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Leo nilipanga kuandika hapa kwenye blogu habari za mikate. Nilikuwa nimeshaanza kichwani. Ningesema kwamba duka la mikate lililo karibu na Basilika, hapa kwetu Koekelberg, lina mkate mtamu kuliko wote niliowahi kula Brussels, na mama muuzaji mwenye adabu mbovu kuliko wote. Anakuhudumia huku akimchekea mteja aliye nyuma yako. Ningesema pia kuhusu ule mgahawa wa jirani na stesheni ya treni ya Gare du Midi, wenye picha za vyakula zilizopauka dirishani. Nililetewa kuku mwenye damu kwenye mfupa. Nilipomrudisha, mhudumu akaniuliza kama kwetu kuku tunawapika mpaka wawe mkaa. Nikamjibu ndiyo, na tunawala wakiwa wameiva, jaribu siku moja.

Na zile gaufre za watalii kule katikati ya mji, mikate ya vyumbavyumba iliyorundikiwa krimu na stroberi kama za plastiki, nazo nilikuwa nimeziwekea kiporo cha maneno.

Hayo ya kuchekesha yatasubiri.

Leo nimegundua kwamba nimemlisha mama wa mtu kitu ambacho dini yake haimruhusu. Nimemlisha kila Ijumaa, miezi minane, kwa mikono yangu hii.

Nieleze vizuri, maana nikisoma tena mwakani nisije nikajitafutia visingizio. Ghorofa ya chini yetu anaishi Da Zuhura, Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu. Anahudumia wazee kwenye nyumba moja kule Auderghem, upande wa pili wa mji, na Ijumaa ndiyo zamu yake ndefu. Mwaka jana alimleta mama yake, ambaye jengo zima tunamwita Bibi. Bibi alifika akiwa na mwili wake. Kufika Februari mabega yalikuwa yamechomoza kwenye kanga. Mchele wa hapa hauna harufu, alisema. Mkate mchachu. Maziwa kama maji ya kuoshea vyombo. Daktari akamwambia Da Zuhura ampe chochote atakachokubali, bora ale.

Alichokubali ni chipsi.

Mimi ndiye niliyezileta. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu nilipita kwenye kibanda cha chipsi kilicho njiani, nikanunua pakiti ndogo nikaenda nayo kumjulia hali. Akala moja. Akala ya pili. Akamaliza zote, akaramba chumvi vidoleni, akaniuliza kibanda hicho hufungwa siku gani. Da Zuhura aliporudi kazini nikamsimulia, akakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake bado mwilini, akalia kidogo.

Tangu siku hiyo Ijumaa ikawa ya Bibi na mimi.

Na nilijiona mwerevu. Nilimwuliza mwenye kibanda kuhusu soseji, akanionyesha kwamba karai la soseji liko mbali na la viazi. Nilimwuliza kuhusu nguruwe, akasema hakuna kinachogusa viazi. Nikamwomba atumie koleo jingine, akacheka lakini akakubali. Kisha nikaja hapa kwenye blogu na kuandika, kifua mbele, kwamba ndugu zetu Waislamu wale pale bila wasiwasi. Mama mmoja Mkenya akaniandikia kunishukuru. Alikuwa amewapeleka wanawe.

Mafuta sikuyauliza.

Kwetu nani anauliza mafuta ya chipsi? Mimi nimekulia Morogoro. Dumu unaliona limesimama pembeni ya jiko, mafuta ya alizeti au ya mawese, basi. Tunauliza nyama. Tunauliza nani kachinja. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia mtu akiuliza chipsi zimekaangwa kwa mnyama gani.

Mchana wa leo nilikuwa kwenye foleni, njaa yangu mwenyewe, watu wawili mbele yangu. Mwenye kibanda akachana boksi, akatoa kitu cheupe, kigumu, kama mche wa sabuni, akakitumbukiza karaini. Kikaanza kuyeyuka. Nikamwuliza hicho ni nini.

"Blanc de bœuf, madame," akasema, na uso wake ukachangamka. Mafuta ya ng'ombe. Akanieleza kwamba babu yake alikaangia hayo, baba yake alikaangia hayo, na chipsi zinazokaangwa kwa mafuta ya mimea si chipsi. Kisha akanyoosha koleo juu ya kichwa chake. Imeandikwa kwenye ubao, rangi nyekundu, herufi kubwa kama kiganja. Miezi minane nimesimama chini ya ubao ule nikinusa harufu na kuisifu. Kifaransa ninakisoma.

Nataka kumkasirikia yule bwana na siwezi, na hilo linanitia hasira zaidi. Hakuficha kitu. Aliandika, akapaka na rangi. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa. Ujinga ni kuuliza nusu, halafu ukawatangazia watu kwamba umeuliza yote.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kila Krismasi alimwita jirani yetu Mwislamu aje achinje mbuzi wetu. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini, wakati kisu anacho na mikono anayo. Akasema, ili yeyote atakayeingia mlango huu aweze kula. Hiyo ndiyo nyumba iliyonilea. Halafu mimi nimekuja Ulaya, nimefungua blogu, nimejipa kazi ya kuwaambia watu wale wapi.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu. Baba Neema alinisikiliza amejilaza kwenye kochi, mpira kwenye televisheni.

"Yaliyopita si ndwele," akasema. "Bibi anakula, sivyo? Hakujua, Mungu hamwandikii dhambi. Sasa ukimwambia, ataacha kula. Halafu?"

Kilichoniudhi si kwamba alisema upuuzi. Kilichoniudhi ni kwamba ana hoja, na kwamba anaitoa kirahisi hivyo, bila kutoa macho kwenye mpira, kama vile dini ya mwenzio ni kitu cha kuamuliwa na Wakristo wawili sebuleni.

Na bado nikakaa jikoni nusu saa nzima nikitafuta namna ya kunyamaza. Naungama. Nilifikiria kumwambia Bibi kibanda kimefungwa. Nilifikiria kukaanga chipsi mwenyewe, nizitie kwenye karatasi kama ile yao, asijue tofauti. Nilifika mpaka kuwaza karatasi hiyo nitainunua wapi. Hapo nikajichukia, nikavaa ndala, nikashuka ngazi.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Da Zuhura alikuwa anapiga pasi sare za kazini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Ijumaa."

Nilisema yote nikiwa nimesimama, haraka, nisije nikapoteza ujasiri. Da Zuhura akaisimamisha pasi.

"Uko unasema nini, maman Neema?"

Nikarudia.

"Toka lini?"

"Tangu pakiti ya kwanza."

"Bon. Soseji uliuliza. Koleo uliuliza." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mafuta haukuuliza. Wewe, muntu wa kuandika chakula kwa internet. Mimi sikuenda kuangalia hata siku moja. Nilisema, maman Neema ameangalia, donc ni sawa."

Bibi akauliza kama ni ya nguruwe. Nikamwambia hapana, ya ng'ombe.

"Nani alimuchinja?"

Nikamwambia sijui, Bibi. Hapa hakuna anayejua.

Akatikisa kichwa polepole, akavuta kanga juu ya magoti. "Mimi nilikuwa nasema Bismillahi kwa kila moja," akasema. Si kwa ukali. Alisema kama mtu anayenieleza jambo ambalo huenda nilikuwa silijui. Nilitamani anitukane.

Niliomba radhi. Sikumbuki nilisemaje, nakumbuka tu kwamba niliomba mara nyingi kuliko inavyofaa, na Da Zuhura akasema "Ça va, ça va," yaani basi, yameisha, kwa sauti ya kumtaka mtu aondoke.

Kabla sijatoka akaingia jikoni kunichukulia sahani yangu. Sahani ile imekuwa ikipanda na kushuka ngazi zetu kwa miaka mitatu. Mimi naishusha na maandazi, yeye anaipandisha na mihogo au sambusa. Kwetu na kwao sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa unatia vitunguu viwili, unatia hata chumvi, lakini unatia kitu. Januari, alipokuwa hana kazi, ilikuja na ndimu moja.

Leo alinikabidhi ikiwa imeoshwa na kukaushwa. Niliipokea kwa mikono miwili. Haikuwa na kitu.

Nimepanda nayo hivyohivyo. Baba Neema aliiona, na mpira akauzima bila kuambiwa.

Yale maandishi yangu ya kusifu kibanda nimeyafuta, na juu ya ukurasa nimeandika onyo kwa herufi kubwa: viazi vinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kihalali, nami sikuuliza, kosa ni langu. Yule mama Mkenya nimemwandikia peke yake. Hajajibu. Akinitukana nitasoma mpaka mwisho.

Sitaki mtu aje hapa chini kuniandikia kwamba nia yangu ilikuwa njema. Nia najua. Nia haikuwa ikila zile chipsi.

Kesho asubuhi, kabla Da Zuhura hajatoka kwenda Auderghem, nitapiga hodi. Nitamwomba nikaange jikoni kwake, kwenye karai lake, kwa mafuta atakayoyachagua yeye, na chupa nimpe aisome mwenyewe. Anaweza kukataa. Anaweza asifungue kabisa, na akifanya hivyo sitamlaumu.

Lakini yeye atakwenda kazini mpaka jioni, na daktari alisema bora ale. Kesho ni Ijumaa. Bibi atakula nini?