Cherehani ya Mama, Albamu ya Pili

Dada mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na kejeli zako pia. Eti albamu yetu ya pili ni ile ya kwanza iliyobadilishwa jalada: kinanda kile kile, midundo ile ile ya kompyuta, na chini yake mlio wa cherehani ya mama ukikimbia nyimbo zote tisa. Mwenzangu wa kinanda anasema watu wanacheza, sasa wewe unataka nini?

Hapa sisi wazima. Paka kazaa nyuma ya spika. Bomba la jikoni bado linavuja. Naandika nikikaa, nikisimama, nikikaa tena.

Lakini usidhani sikujaribu kitu kipya. Mwezi uliopita nilimwekea mama maikrofoni miguuni, nikamwomba ashone chochote. Alikanyaga mara mbili, akasimama, akakitazama kitambaa kama mtu aliyekosea nyumba. Nikamwambia, "Inatosha, mama." Nikarudia ile sauti ya zamani ya mama akishona, tuliyoirekodi ulipokuwa bado nyumbani.

Juzi nilimpigia albamu nzima. Alifurahi, akawa anagonga sakafu kwa kisigino, hakosei hata pigo moja. Halafu akanishika mkono.

"Mwanangu, fundi huyu ana mguu mwepesi! Ni nani?"

Nikasema ni fundi mmoja wa zamani.

"Basi mlete," akasema. "Mlete anifundishe."

Njoo, dada. Kejeli zako njoo nazo.

Mdogo wako asiyetulia