Soksi ya Mkono Mzima

Karakanani,
Jumapili alasiri

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kitandani, na zikukute umeamka vizuri na chai yako umeinywa ikiwa bado moto. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto wanakula kama mchwa. Mimi mwenyewe ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia makochi ya watu, na wenye makochi nao wanalalamika kwamba nachelewa, basi tumekuwa kwaya.

Najua barua hii atakusomea mwanao. Mpwa wangu, salamu na kwako pia. Nakuomba usome polepole, usiruke mstari, na mahali nitakapokusema wewe, soma vilevile kwa sauti ileile. Ningeweza kupiga simu, lakini simu mtu anaweza kuigeuzia mgongo, na nimeambiwa siku hizi wewe, Dada, huna kazi nyingine ila kuugeukia ukuta. Ukiigeuzia mgongo barua, itakusubiri hapohapo kwenye meza ya dawa.

Mwanao ameniambia yote. Kwamba kiharusi kimeukunja mkono wako wa kulia na maneno yamegoma kutoka, hayo niliyaona kwa macho yangu nilipokuja hospitalini. Jipya ni kwamba umerudishwa nyumbani na hutaki kufanya lolote. Mpira wa kuminya umeutupa chini ya kabati. Mtaalamu wa viungo alipokuja ulijivutia shuka mpaka kichwani, naye amesema hatarudi mpaka umtake mwenyewe. Daktari alisema miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupigania, nawe unaiacha ipite tu. Mwanao alikuwa akilia, Dada. Aliniuliza afanye nini, nikamwambia angoje niandike, maana katika ukoo wetu mzima hakuna anayezijua hizo kazi za kuamsha mkono, za vibanio na vikombe, kunishinda mimi. Nilizisomea chini ya meza, na mwalimu wangu alikuwa mkali.

Unaikumbuka meza yenyewe? Ile ya jikoni, iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, Baba akauwekea kipande cha ubao, na kila aliyepiga deki akakisukuma pembeni, chai zikamwagika, lawama zikaanza. Mimi nilihamia chini yake kwa sababu hapo hakuna aliyenikanyaga. Nilikuwa nimeshatimiza miaka minne na sikuwa na neno hata moja. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani, natembea kama mtu aliyekumbatia kuku asiyeonekana. Wewe ndiye uliyeniita Kobe, jina likanikaa mpaka leo. Wateja wengine wanadhani ndilo nililopewa na wazazi.

Mama alikuwa akifua mashuka pale hospitalini, na yule mtaalamu wa viungo, bwana wa miwani mikubwa, alikuwa akimsimamisha kwenye ujia na kumweleza mambo ya kunifanyisha nyumbani. Mama alirudi jioni na maelekezo kichwani na miguu imevimba, akakukabidhi wewe, binti wa miaka kumi na moja. Wewe uliyapokea kama amri ya serikali. Kesho yake ulifungua shule.

Kengele ilikuwa kijiko na sufuria. Kila siku ulianza kwa kuita majina, yaani jina langu peke yake, na kwa kuwa sikuweza kuitikia, uliniitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba, kisha ukarudi kwenye sauti yako ya kimwalimu na kunisifu kwa kuwahi. Nilikuogopa, Dada, na nilikupenda kupita kiasi. Nilikuwa nakaa nikisikiliza mlango, nikingoja viatu vyako vya shule.

Kila kibanio cha nguo kilikuwa mamba, na kazi yangu ilikuwa kumfungua mdomo mamba na kumng'atisha ukingo wa kopo la maziwa. Maharage yalikwenda kopo hili, vifungo kopo lile, na kifungo kikienda kwa maharage ulishika kiuno. Tulimwaga maji kutoka kikombe hadi kikombe mpaka sakafu ikawa bwawa, ukapiga deki kabla Mama hajafika. Tulicheza mpira wa pamba, mimi upande huu na mrija wangu, wewe upande ule na wako, tukipuliza kibonge cha pamba kivuke meza. Ulisema midomo inayoweza kufunga bao inaweza kusema neno. Na ulikuwa unaiba, tena mchana kweupe, unaziba goli kwa kiwiko. Halafu kile kioo cha Baba cha kunyolea, tukikikodolea macho wote wawili, mashavu yamegusana, unatamka paa, baa, maa, nami nafungua mdomo kama samaki na hakitoki kitu.

Picha ulizikata kwenye pakiti za sabuni na majani ya chai, ukazibandika upande wa chini wa meza, ili nikilala chali nizione na kunyooshea kidole ninachotaka. Kikombe, kitanda, choo, mpira. Meza hiyo ninayo, Dada. Nyumba ilipofungwa wewe ulichukua kabati la vyombo, mimi nikachukua meza, mkanicheka kwamba nimebeba kuni. Naandikia juu yake sasa hivi, imejaa misumari na mabaki ya sponji. Jana niliinama kuokota gundi nikaona kikombe bado kipo, kimefifia, na pembeni yake alama za vidole vyako vya gundi. Nilikaa chini pale kwa muda. Kijana wangu wa kazi alidhani mgongo umekatika.

Lakini kilichonifikisha hapa nilipo ni soksi. Mtaalamu alimwambia Mama kwamba mkono wangu mzima unauonea ule mwingine kwa kuufanyia kila kitu, kwa hiyo wakati wa mchezo ufungwe kidogo ili ule mvivu ushurutike. Wewe uliona hiyo kidogo ni ya wavivu. Jumamosi ile Mama alipotoka tu, ulinivisha soksi ndefu ya Baba, ile ya kijivu, mkono wa kulia wote mpaka kwenye kiwiko, ukaikaza kwa kamba ya kiatu, ukatangaza kwamba itatoka Mama akirudi. Nikalia. Nikakurushia makopo. Nikakung'ata, na kovu unalo. Wakati wa uji uliniwekea bakuli na kijiko, ukakaa mbele yangu umekunja mikono, machozi yanakutiririka na wewe, lakini hukunilisha. Mama aliporudi alikuta uji ukutani, uji kwenye nywele zako, mimi nimepakwa uji kama mlango unaosubiri rangi ya pili. Alikugombeza mpaka majirani wakachungulia. Halafu akaniona. Kijiko kilikuwa kwenye mkono wa kushoto, na kilikuwa kinaelekea mdomoni.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Unakumbuka jioni aliyokuja Baba Mkubwa. Baba alikuwa safarini na lori lake. Nyumbani kwetu hadithi ya jioni ile imesimuliwa mpaka imechakaa: mgeni kaja, watu wazima wanaongea, Kobe anacheza vibanio chini ya meza, mchezo ukakatishwa, Kobe akakasirika na kutoa neno lake la kwanza maishani. Nikasema, “Tena.” Mama akapiga vigelegele, Baba Mkubwa akacheka na kunibeba juu, na tangu hapo kila sherehe lazima mtu aseme kwamba Kobe alianza kuongea kwa kudai mchezo.

Haikuwa hivyo. Nimeiacha ibaki hivyo kwa sababu nilipopata maneno ya kutosha kuisahihisha, Mama alikuwa ameshaizoea na ilikuwa inamchekesha.

Mlidhani sielewi, kwa kuwa sisemi. Nilikuwa naelewa yote. Nilimsikia Baba Mkubwa akieleza, kwa upole kabisa, wala sikumlaumu hata nilipokua, kwamba alama zako za hesabu zimeporomoka, kwamba unasinzia darasani, kwamba si haki kumkosesha masomo mtoto mwenye akili kwa ajili ya mwingine asiye na matumaini. Alisema amepata mahali mbali, kwa watu wema wanaotunza watoto wa aina yangu, na gari la rafiki yake lingepita kunichukua Jumatatu. Niliona miguu ya Mama ikirudi chini ya kiti. Nikaona viatu vyako vinasogea mpaka mbele ya viatu vya Baba Mkubwa. Ukamwambia kwamba alama zako zitarudi, ila mimi nikienda sirudi. Akakuambia kwa utaratibu kwamba hayo ni mazungumzo ya wakubwa.

Ukarudi chini ya meza. Ukanivisha soksi, kamba ikakushinda kufunga. Ukaweka kibanio kimoja kwenye kopo, cha pili kikakuanguka, halafu ukaanza kuvikusanya vyote, ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo basi. Sikuwahi kuisikia sauti ile tena mpaka juzi, mwanao aliponiambia jinsi ulivyojivutia shuka.

Neno nilikuwa nalo siku nyingi. Nilikuwa nalifanyia mazoezi peke yangu, ulimi nyuma ya meno, kama ulivyonionyesha kwenye kioo, likinifia kooni kila mara. Jioni ile nilijua kabisa kwamba nisipolitoa, Jumatatu nitapakiwa kwenye gari. Nikalisukuma kwa nguvu zangu zote mpaka nikajikojolea, na hilo halimo kwenye hadithi. Sikuwa nataka mchezo, Dada. Nilikuwa nakuomba usiniache, na nilichojaliwa kilikuwa neno moja. Jumatatu gari halikuja.

Ndiyo maana najua unasikia. Nimeishi ndani ya kimya hicho ulichomo, nakijua kila pembe yake. Shemeji namheshimu sana, lakini nimeambiwa jioni yeye na mwanao wanakaa ukingoni mwa kitanda chako na kujadiliana kama wakuandikie barua ya kuacha kazi, na kama uhamishiwe chumba cha nyuma, juu ya kichwa chako, kana kwamba wewe ni kabati. Mpwa wangu, hapa ndipo nilipokuambia usome kwa sauti ileile, na kama baba yako yupo mlangoni, rudia. Yeyote mwenye la kusema juu yako aseme na wewe, akutazame usoni, kisha angoje jibu, hata kama jibu ni kufumba jicho.

Na wewe, Dada, usidhani nimekuja kukubembeleza. Karakana nitaifunga kuanzia Ijumaa, wenye makochi wanune watakavyo, na Jumamosi asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na kopo la maziwa, vibanio, vifungo, maharage na mirija. Pamba na kioo mtakuwa navyo. Soksi ya Baba ilishaoza zamani, nimenunua nyingine ya kijivu. Nilimpigia yule mtaalamu wako nikamweleza, akacheka sana, kisha akanipa masharti: soksi ni kwa muda mfupi tu, na yeye awepo kusimamia. Nimekubali shingo upande. Una ruhusa ya kunirushia makopo. Una ruhusa ya kuning'ata, nitakuwa nimelipwa. Uji nitakuwekea mbele yako, nami nitakunja mikono na kulia, lakini sitakulisha.

Ninaogopa, nakuambia ukweli. Ninaogopa kukuta umekwisha amua. Watu wananisifu kwa kochi nililolivuta kitambaa kikanyooka, na kila ninapokaza kifungo kwa mkono huu wa kushoto najua ni wako huu, ulinikopesha. Sijui nitaishije kama mwenye mkono atakata tamaa kabla yangu.

Basi nisikuchoshe. Msalimie shemeji, mwambie asinune, tutapatana nikifika. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Wifi yako amekushonea foronya, nitakuja nayo.

Mpwa wangu, usiikunje barua bado. Muulize mama yako kama usome tena, au basi. Halafu nyamaza. Usimjibie, usimsaidie, usimtazame kwa huruma. Hata birika likichemka likauke, wewe ngoja. Akichagua lolote kati ya hayo mawili, nipigie simu usiku huohuo, maana kwangu yote mawili ni bao.

Ni mimi, mdogo wako na darasa lako zima,

Kobe