Nani Anaificha Mito ya Mama?

Chumba cha juu, karakana ya mito
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu kwa mapenzi tele, na natumaini kifua kimepoa na baridi ya huko mmeshazoeana. Sisi tu wazima. Mama mguu unamsumbua akipanda ngazi, lakini akishaketi kwenye cherehani huwezi kumwita mgonjwa. Mdogo wetu amenenepa, na ukimwambia ananuna.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Ni shemeji yetu, Bwana Kimya, mume wa mdogo wetu.

Unajua tangazo letu la mito ya mgongo kule kwenye soko la mtandaoni. Mtu akiandika anachotafuta, mto unajitokeza. Akiubonyeza, tunalipa sisi, anunue asinunue. Ndiyo maana kuna maneno tunayoyazuia. Anayetafuta foronya hatuna cha kumpa, basi tangazo lisimtokee. Zamani niliyazuia mwenyewe, moja moja. Tangu shemeji aunganishe ile programu inayozungumza na soko yenyewe, kwa huo wanaouita ufunguo wa API, yaani neno la siri la kuingilia akaunti yetu, neno likibonyezwa mno bila mtu kununua, programu inalifungia.

Haya. Wiki iliyopita nikaingia ghafla, nikamkuta ameliweka mbele yake neno "mto wa mgongo", kati ya maneno yaliyofungiwa. Kaka, si ndio tunaouza? Ni kama duka la viatu kumfungia mlango anayetaka viatu. Aliponiona akafunga kompyuta, akaniuliza kama chai ipo.

Tangu siku hiyo namchunga. Kila jioni mafundi wakishaondoka anafungua neno lile lile, anabonyezabonyeza, anafunga. Nikimuuliza, anasema anaweka mambo sawa. Mambo gani hayo yasiyonyooka kila siku?

Tena usisahau kwamba dada yake naye ameanza kuuza mito. Mdogo wetu ananiambia nina roho ya askari. Namwambia yeye amependa, haoni. Lazima mmoja wetu abaki na macho.

Mama anaishi kwa mito ile. Sisemi chakula, hicho tunakimudu. Tangu Baba atutoke, mito ndiyo inayomtoa kitandani. Anayemfichia anamfanyia ubaya mkubwa, awe shemeji, awe nani. Leo nimebadilisha ufunguo kimyakimya. Nangoja neno lako tu ili nimtoe kabisa hapa karakana.

Alhamisi

Barua sikuituma. Naiendeleza hapa hapa, na ya juu siyafuti, uone nilivyokuwa.

Jana mchana Mama aliniita nikamtazamie simu. Aliandika "mto wa mgongo", ikaja mito ya watu, wake haukuwepo. Akaandika tena, hola. Nikamwambia ni mtandao tu. Akakunja kitambaa alichokuwa anakishona, akafunika cherehani.

"Basi wamenichoka, mwanangu," akasema, akaenda kulala jua likiwa bado kali.

Nilishuka kwa shemeji na hasira zangu zote, nikamuuliza kwa nini amemfungia Mama. Hakubisha. Aliniuliza taratibu kama ni mimi niliyebadilisha ufunguo, kisha akanieleza. Mama huandika neno lile kutwa nzima, akautafuta mto wake na kuubonyeza, ahakikishe bado upo. Hanunui, atanunuaje? Programu inaona neno linabonyezwa bure, inalifungia. Kanuni yake ni moja kwa maneno yote, haijui mama wa nani. Kila jioni shemeji alikuwa analifungulia kwa mkono, hadi Jumanne nilipobadilisha ufunguo, akashindwa kuingia. Mimi nilimwona akifungua, nikaapa kwamba anafunga.

Nikataka kujua kwa nini hakumwonyesha Mama njia ya kuufikia mto moja kwa moja, bila kupitia tangazo. Alisema alishamwonyesha, Mama hataki. Anataka kuuona ukijitokeza kati ya mito ya watu, kama anavyouona mgeni. Basi si angemwambia aache?

"Ningemwambia nini, shemeji? Kwamba akiutazama anaupoteza?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwizi, na aibu niliyoipata sikuombei. Nimemrudishia ufunguo na kumwomba radhi, ingawa ulimi ulikuwa mzito. Lakini dada yake bado nadhani anatuigia mishono.

Leo asubuhi Mama ameuona mto wake. Cherehani inalia huko chini hadi meza yangu inatikisika. Hajaambiwa kitu, na hataambiwa.

Nisalimie wifi na wale mapacha, uwaambie shangazi yao hajawasahau. Mdogo wetu anakusalimu sana. Shemeji naye anakusalimu, kwa neno moja kama kawaida yake. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe kwetu na afya yako.

Halafu, Kaka, kuna hili. Mama amejisifu kwangu kwamba hata wewe, ukitoka kazini, huutafuta mto wake na kuufungua kila siku. Acha. Mibonyezo ya bure tunayoweza kuibeba ni michache, mwachie yeye.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapokushuku,
Dada yako