Darasa la Watoto Ishirini na Watatu

Al Nahda, Dubai
11 Ramadhani

Kaka yangu Ubeid,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limekuruhusu kusali tarawehe ukiwa umesimama. Vipi wifi Hilwa na kile kifua chake? Na karakana je, mafriji yanaletwa, au watu wamerudi kwenye mitungi? Mimi kwa mwili sijambo. Nafunga, naenda ghalani Ras Al Khor, narudi, nafuturu na Caren, huyu Mkenya mwenzetu wa Nyamira ninayeishi naye chumba kimoja. Yeye hafungi, lakini hagusi chakula mpaka nifike, na nikichelewa hunigombeza kana kwamba ni mimi niliyemlazimisha.

Najua utashangaa kuletewa karatasi siku hizi. Umenifungia simu tangu nilipokukatiza ukitaka kunieleza habari za shule ya mtoto, leo wiki ya pili, na wiki ya kwanza nilikulaumu sana. Basi anakuletea Wahid, dereva wetu, anayeruka kesho Jumatano kwenda likizo. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu, asubiri mpaka uifungue. Ana maneno mengi. Mpe futari, atanyamaza.

Wifi Hilwa alinipigia Ijumaa, usimkasirikie. Alisema Sumeiya wangu hajakwenda shule siku nane. Hana homa, hana kitu. Anaamka, anavaa sare, anakaa kwenye ngazi ya mlango na mkoba wake, na ukimuuliza anajibu kwamba shule hakuna mtu. Nilidhani anamaanisha kwamba ni likizo. Wifi akasema hapana, shule iko wazi, ila hakuna mtu.

Nianze nyuma kidogo, tafadhali univumilie. Mwaka jana mtoto alipokuwa akimaliza gredi ya sita pale akademia, tulijua sote kwamba akademia haina junia, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, na kwamba lazima tumtafutie shule ya serikali huko kwenye kaunti yetu. Wewe ulisema Vigaeni, ukaona limekwisha. Ulisema unawaona watoto wa Vigaeni wakipita mbele ya karakana saa kumi jioni wakibishana juu ya hesabu, mmoja anaandika mchangani kwa kijiti, mwingine anamfutia kwa kiatu akimwambia si hivyo. Nami nikakucheka. Nilikuambia shule haichaguliwi kwa kuchungulia barabarani kutoka nyuma ya friji.

Mimi nilichora jedwali. Shule tano, safu kumi na moja: watoto kwa darasa, walimu, vyoo, maabara, umbali kutoka mlangoni kwako, na kadhalika. Kila saa ya mapumziko nilipiga simu huko, mara mimi ni mzazi mgeni aliyehamia, mara mimi ni mtu wa shirika la vitabu. Caren alipoiona ile karatasi aliniuliza kama namsomesha mtoto au nanunua bearing za gari. Alisema kwao mtu akitaka kujua shule nzuri huuliza walimu wenyewe wanapeleka wapi watoto wao. Nikamwambia yeye ni mlinzi, arudi akalinde geti lake kule mtaani JVC.

Vigaeni ilikuwa na watoto sabini na wanne darasa moja. Mtondooni ishirini na watatu. Nilipoipata hiyo ishirini na tatu, Ubeid, sikutaka tena kusikia namba nyingine.

Na sababu unaijua, ingawa hatujawahi kuizungumza. Mimi nimesoma Vigaeni. Tulikuwa themanini na moja, nami nilikaa juu ya debe karibu na mlango, mvua ikinyesha nalowa mgongo. Mwalimu wa darasa la sita aliniita Asma badala ya Asila mwaka mzima, nami nikaitika mwaka mzima, kwa kuwa nilimwogopa. Ukaja ule mwaka Baba alipotuketisha na kusema anaweza kuendelea na mmoja tu. Aliweka ripoti zetu mbili mkekani. Yako ilikuwa ya nafasi ya tisa. Yangu ya sitini na tatu. Wewe ukaenda kusomea ufundi, mimi nikaenda kufua nguo za watu, na kutoka huko nikaja huku kufanya kazi za nyumbani kwa madam, na kutoka jikoni kwa madam nikajifundisha mwenyewe hadi leo naendesha ghala la vipuri elfu nne na mia sita. Arbab, bosi wangu, akiniuliza kipuri kiko rafu gani, namjibu kabla kompyuta haijawaka. Hakuna mwalimu wa Vigaeni anayeweza kusema alinifunza hata kujumlisha. Niliapa mtoto wangu hatakaa juu ya debe.

Kwa hiyo akaenda Mtondooni, kilomita nne kwa miguu, na akapata dawati lake peke yake. Shule ilipofunguliwa Januari aliniambia kwenye simu kwamba anaweza kunyoosha mikono pande zote mbili bila kumgusa mtu. Nililia kwa furaha ghalani, nyuma ya maboksi ya radieta.

Sasa wifi amenieleza mengine. Walimu watano niliosomewa kwenye simu walikuwa wa karatasini. Wawili walishahamishwa, mmoja yuko likizo ya uzazi, wamebaki wawili kwa gredi tatu, na hakuna hata mmoja kati yao wa hesabu wala sayansi. Tangu mwaka uanze Sumeiya hajafundishwa somo moja la hesabu. Saa tano watoto wanaambiwa waende nyumbani. Na hiyo ishirini na tatu niliyoipenda, miaka miwili nyuma ilikuwa sitini na moja. Wazazi waliondoa watoto wao mmoja mmoja, wenye macho, wanaokaa hapo na kuona. Leo wako kumi na wanne.

Kinachonimaliza ni kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Nikiona rafu nyepesi ghalani sifurahi mpaka nifungue daftari la maagizo nijue mbona ni nyepesi: bidhaa inatoka sana, au tumeacha kuiagiza kwa sababu haina mnunuzi? Mwaka wa kwanza nilikosea hivyo kwa breki za gari moja la zamani. Nilimwambia arbab zinauzwa vizuri, kumbe hakuna aliyezitaka. Alinicheka mbele ya wafanyakazi wote, akaniambia, yalla Asila, rafu haisemi, uliza. Miaka saba sasa nauliza kila rafu. Ya mtoto wangu sikuiuliza. Swali moja tu lingetosha, mwaka juzi walikuwa wangapi.

Ungekuwa wewe unanijibu hapa, ungesema kosa ni kosa, si kosa la kwanza, mtoto ahamishwe twende mbele. Ningetamani mambo yawe mepesi hivyo.

Hili lifuatalo nimelizunguka kurasa mbili, na Caren ameshazima feni mara ya pili kunionyesha kwamba nimalize. Vigaeni hawakumkataa Sumeiya.

Tarehe tisa Desemba, saa nne asubuhi, Mwalimu Ummulkheir, mkuu wa Vigaeni, alinipigia mwenyewe, maana kwenye fomu niliweka namba yangu. Alisema jina la mtoto limepita, nithibitishe kabla ya Ijumaa. Nikamjibu kwamba mtoto wangu ana shule nyingine, namshukuru. Tulizungumza dakika tatu na sekunde kumi, bado ziko kwenye simu yangu. Jioni nikakupigia wewe nikakuambia Vigaeni wamesema wamejaa. Nilijua nikisema nimekataa mwenyewe utabishana, na nilijua utanishinda, kwa kuwa mtoto analala kwako na anakula kwako. Nilitaka usiwe na la kubishania.

Sikufikiri kwamba ungekwenda. Wallahi sikufikiri. Mtu wa goti bovu, siku ya kazi, ukafunga karakana, ukaenda ukasimama mbele ya foleni ya wazazi ukamwambia mwalimu mkuu kwamba ameuza nafasi ya mtoto wa dada yako. Na yeye akakujibu neno moja tu, kwamba habari za nafasi ya mtoto huzungumza na mzazi. Ukaapa mbele yao wote kwamba hutalikanyaga tena geti lile. Ulipofika nyumbani ulinipigia. Ulisema umemlea huyu mtoto miaka tisa, umemfunga viatu, umekesha naye akiugua surua, na leo unaambiwa kwamba wewe si mzazi.

Na mimi, Ubeid, nilikujibu nini? Nilikuambia ndivyo walivyo Vigaeni. Nikaongeza na langu juu ya Mwalimu Ummulkheir ambalo sitaliandika katika mwezi huu. Nilikuacha ulale na uchungu ambao mimi ndiye niliyeupika, na kesho yake nilikwenda kazini nikahesabu bolti.

Mwalimu mwenyewe aliniandikia ujumbe siku ile ile. Alisema, ndugu yako amekuja, sikumwambia, nadhani ni lako kumwambia. Niliusoma. Sikujibu miezi mitatu.

Jumamosi nimemjibu. Nilimweleza hali ya Mtondooni na kwamba mtoto anakaa kwenye ngazi na mkoba. Alinipigia baada ya dakika ishirini, hana hata neno la kunisimanga. Kuna mtoto mmoja amehamia Malindi, nafasi iko moja. Ataishika mpaka Jumatatu ijayo saa sita mchana, kisha kuna wengine kumi na saba wanaongoja. Anayekaa na mtoto aje mwenyewe atie sahihi. Sahihi ya kutoka Dubai hakubali, picha ya simu hakubali, na wifi pia hakubali, kwa sababu jina la mlezi kwenye karatasi za akademia ni lako. Nilimuuliza kama anataka uombe radhi. Alisema hapana, anataka sahihi. Ningependa angesema ndiyo, ningepata angalau cha kumkasirikia.

Nimehesabu. Wahid anaruka kesho, anafika kwako Alhamisi jioni ndege isipochelewa. Ijumaa wewe una hasira, Jumamosi una hasira, Jumapili labda unaisoma tena. Jumatatu goti lako linahitaji dakika ishirini na tano mpaka pale getini. Muda unatosha. Lakini nimeshaona sana hesabu zikitosha na jambo likakataa, na nikikaa kimya hapa baada ya futari sioni kabisa sura yako ukilipita lile geti. Naona ngazi tu, na yule mtoto na mkoba wake.

Sikuombi unisamehe kabla ya Jumatatu, siku hazitoshi kwa hilo. Nisamehe mwakani, au usinisamehe. Nakuomba uende tu. Uende na barua hii, na ukitaka uisome pale pale mbele ya foleni, wasikie wale wale kwamba uongo ulikuwa wangu na kwamba wewe ulidanganywa kama walivyodanganywa. Sitakuwa na neno. Sumeiya mweleze wewe utakavyoona. Akiniuliza sitamficha, lakini sidhani kwamba ataniuliza. Siku hizi nikipiga kwa wifi, mtoto huniitikia salamu tu, kisha anamrudishia wifi simu yake.

Caren anakusalimu ingawa hamjuani, anasema mtu anayewaangalia watoto wanavyobishana njiani ndiye aliyefaa kupewa jedwali. Nisalimie wifi Hilwa, mwambie anywe asali na tangawizi kabla ya kulala. Nisalimie majirani. Na Mwalimu Ummulkheir naye umfikishie salamu zangu, kama bado anapokea chochote kutoka nyumba yetu.

Na kwenye ile fomu, pale wanapouliza jina la mzazi, andika lako. Namba ya simu pia iwe yako. Mimi walishanipigia mara moja, na umeona nilivyowajibu.

Mdogo wako,
Asila