Feni Tatu, na Ile ya Mama

Jaro, Iloilo
Tarehe 6 Mei

Kwako dada yangu Ditas,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba ule mgongo uliokuwa unakusumbua kiwandani umetulia. Sisi hapa tunaendelea. Mama anakula, jeraha la kichwani limefunga, na ameanza tena kufuma vitambaa vyake. Joto tu ndilo halitaki kutuachia. Hata paka wa jirani amehamia bafuni kwetu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati tuliongea Jumapili. Tukiongea kwa simu Mama huwa amekaa ubavuni mwangu, na haya siwezi kuyasema akisikia. Ndiyo maana nampa mwenzako Neri akuletee, maana likizo yake inaisha Alhamisi na anarudi huko Taichung, kwenye chumba mnacholala pamoja. Tangu asubuhi nimekaa na kusimama sijui mara ngapi, na kahawa imepoa bila kunywewa.

Zile feni tatu ndogo za kompyuta ulizonitumia zilifika salama. Nilizifunga siku ileile, maana michoro ya nyumba niliyopewa na ile ofisi ya Manila ilitakiwa mwisho wa Aprili, na wakiipenda wangenichukua moja kwa moja. Uliniandikia mbili za mbele zivute hewa, moja ya nyuma itoe, na kabla ya kufunga kasha nishike kipande cha tishu nje ya kila feni nione kama kinanasa au kinasukumwa. Mimi na haraka zangu! Sikuijaribu hiyo tishu. Nikafanya kama tufanyavyo nyumbani, kwamba anayeona joto ndiye anayeelekezewa feni. Zote tatu nikazielekeza ndani.

Basi kompyuta ikachemka kuliko mwanzo. Kila ikifika saa saba mchana inazima yenyewe, mchoro ukiwa umebaki kidogo tu ukamilike. Nililia kwa hasira. Nikaigombeza, nikaibembeleza. Mama akanicheka, akasema siku hizi naongea na bati kuliko ninavyoongea naye, kisha akaondoa kile kitambaa alichoifumia, akasema labda maskini inakosa pumzi. Haikusaidia. Siku ya tatu nikang'oa ubavu wa kasha, nikaliacha wazi.

Wiki hiyohiyo ndipo Mama alipoanguka akashonwa nyuzi tatu. Nilikuambia aliteleza bafuni.

Tuliporudi kutoka hospitali nikamwita Nonoy, fundi wa kompyuta wa nyuma ya soko. Alipoona kasha liko wazi alicheka mpaka akashika mlango, akaniuliza nani kanidanganya kwamba kompyuta inapepewa kama kuku wa mkaani. Akachana tishu, akaishika nje ya feni moja moja. Ikanasa kwenye zote, hata ya nyuma. Akasema, sasa dada, hewa yote inaingia, hakuna inayotoka, hapo unapoza au unapika? Akaigeuza ile ya nyuma, akarudisha ubavu mahali pake na kunionya nisiufungue tena, maana kasha likiwa wazi hewa haipiti panapotakiwa, inazubaa tu humo ndani na vumbi. Kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji. Tangu hapo haijazima hata mara moja.

Dada, Mama hakuteleza bafuni. Nilipong'oa ule ubavu nilichukua feni ya kusimama iliyokuwa kando ya kiti chake, nikaielekezea kompyuta. Siku nne nzima, Aprili hii, kwenye sebule yetu yenye paa la bati. Mama hakulalamika. Alisema yeye amelizoea joto, mashine ndiyo haijalizoea, nami nikacheka na kuendelea kuchora. Siku ya nne, saa nane mchana, nikasikia kishindo nyuma yangu. Nikadhani ni feni imeanguka, nikaitazama kompyuta kwanza. Nilipogeuka, Mama alikuwa chini, amejigonga kwenye pembe ya meza, uzi wa kufumia bado umo mkononi. Hospitalini, alipopata nguvu ya kusema, ndiye aliyeniambia tuseme bafuni, ili usinigombeze.

Nigombeze, tafadhali. Michoro niliituma tarehe ishirini na tisa na wameipenda, naanza kazi Jumatatu, na sijui niifanyeje furaha hiyo.

Feni nimemrudishia Mama. Lakini kila nikitoka kwenda sokoni narudi naikuta imeielekea kompyuta. Juzi niliifunga shingo kwa uzi wa Mama wa kufumia, kwa mafundo matano, imtazame yeye. Jana nilikuta uzi umekatwa kwa mkasi, naye kwenye kiti analowa jasho, akaniuliza kama leo mashine imeshinda vizuri. Nikimweleza kwamba haihitaji tena, anasema ndiyo, ndiyo, mwanangu. Labda wewe atakusikia.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Wasalimie wenzako wote wa chumbani, na mgongo huo uupumzishe.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Jovelyn