Kifaa cha Mgongoni

Jumanne jioni, Nyamache

Nimerudi kutoka Kisii bila picha ya kichwa. Nilikuwa nimeshavua pete nilipomwambia dada anayeendesha mashine ya picha hospitalini kwamba nina kifaa mgongoni, kinachotoa umeme mdogo wa kutuliza maumivu. Alishtuka.

"Mama, mashine hii ni sumaku kali. Kifaa kitakuunguza. Lazima kitolewe kwanza."

Kitolewe! Kabla ya kuwekewa, sikuweza kuchuma chai wala kupiga magoti kanisani. Lakini bila picha, daktari hawezi kujua kwa nini jicho langu la kushoto linafifia.

"Utachagua nini?" mume wangu aliniuliza tulipofika nyumbani.

Nilifunika jicho la kulia kwa kiganja, nikamtazama. Sikuuona uso wake.

Nimempigia daktari simu. Nimemwambia wakitoe kifaa.