Maziwa Hayakupi Pasi

Mjukuu wangu Rayyan, asalaam alaikum. Sisi hapa mtaani Hamriya wazima, na bibi yako anauliza unakula nini huko kwenye baridi. Mwandiko usiucheke, skuli niliikimbia mwenyewe.

Unauliza mbona Babu Mbaruku, ninayemwita ndugu, yuko Tanga na sisi tuko Maskati. Mamaake alikufa akimzaa, mama yangu akamnyonyesha pamoja na mie. Tulipokuja huku vijana, sisi na mama, sheria ilitaka mzee wa kabila lako la Kiarabu akutambue kwa nasaba ndipo upewe pasi ya kusafiria. Basi mie, bingwa wa maneno, nikawataja babu zangu wote kwa pumzi moja. Mzee akafurahi.

"Na huyu?"

"Ndugu yangu. Tumenyonya ziwa moja."

Akamtazama Mbaruku kwa huruma. "Maziwa yanakukataza kumuoa dadaake huyu, mwanangu. Hayakupi pasi."

Tulipotoka, Mbaruku akanicheka: "Mwambie mama ntamrudishia maziwa yake!" Akarejea Tanga na mzaha wake.

Mama alipofariki hapa, tulimwombea Mbaruku viza aje kumzika. Ilitoka tumeshazika. Pale uwanja wa ndege nilimngoja anitanie, angalau neno moja. Akauliza tu, "Kaburi liko wapi?"

Mpigie simu, anapenda kuchokozwa. Nasaba ile nnaijua mpaka leo, na nikianza kuitaja huninyamazishi. Ila kila nikifika mwisho, naona kama kuna mtu nimemruka.

Mie babu yako,
Seif